Malkia Hakurudishwa

Kamembe, Cyangugu
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwako Yaya Riziki, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha kuwasalimu wakubwa. Mgongo unaendeleaje? Bado unakukamata ukiinama kwenye mihogo? Na mvua za huko Baraka zimepungua, au barabara bado inameza magari? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, cherehani inazunguka. Moyo ndio mgonjwa, na leo nitakueleza ugonjwa wake wote bila kuficha. Mwambie Mwalimu Asende anayekusomea avute kiti akae vizuri, kwa sababu barua si fupi, na kuna mahali atatamani kuruka.

Yako niliipata Jumanne. Maman Vumilia, yule mama wa Bukavu anayetuletea vitenge vya kushona, aliivusha mpakani ndani ya kikapu chake, katikati ya mabunda ya nguo. Nilipoona mwandiko wa Mwalimu nilifurahi, nikaifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni. Nilipofika katikati nilitafuta mahali pa kukaa.

Unasema Jumapili ya Meza ya Bwana, yaani siku tatu kutoka leo, umeitwa mbele ya wazee wa kanisa. Wanasema umeongeza maneno kwenye Neno la Mungu. Wanataka ukiri mbele ya watu wote, la sivyo usikae tena na wamama wa ibada ya Jumatano wala usiikaribie Meza. Wamama wengine wanasema uchungu wa kufukuzwa na mume umekuingia kichwani, ndiyo maana unajitungia Biblia yako. Na wewe, baada ya hayo yote, hunilaumu hata kidogo. Unaniomba kitu kimoja tu: nikutumie namba ya mstari ambapo mfalme anamrudisha Malkia Vashti, ili Mwalimu aufungue mbele yao na wao wanyamaze.

Yaya, mstari huo haupo. Nimeliandika hili mapema kusudi, kwa sababu najijua: nikichelewa kidogo nitaanza kuzunguka. Mfalme hakumrudisha Vashti. Mimi ndiye niliyemrudisha, kwa kalamu yangu, na kitabu chenyewe nilikuwa sijakifungua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Una haki ya kujua.

Unakumbuka tulivyoagana. Ulinipa hii Biblia ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha jikoni, ukaniambia: "Kila siku sura moja, usiruke. Nyota atakuwa ananisomea ile ile. Hata tukiwa mbali, tutakuwa fasi moja, mahali pamoja." Nyota, binti wa jirani, alikuwa amesimama pale akicheka, kwa sababu bado alikuwa anasoma kwa kufuatisha kidole. Nilicheka pia. Lakini nilipofika hapa, katika mji ambao sikuwa na ndugu hata mmoja, ile sura moja ndiyo ilikuwa nyumbani kwangu. Nilikuwa najua kwamba siku hiyo hiyo Nyota anakwama kwenye jina lile lile gumu, na wewe unamwambia aendelee tu, Mungu analijua.

Nilisoma mwaka mmoja na karibu miezi miwili. Walawi nilivuka, Hesabu nilivuka, malaria ilinilaza mara mbili na nikipona nasoma sura mbili mbili mpaka nikufikie. Na nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuandikia, kwa sababu niliogopa kwamba Mchungaji atacheka: aliyenisaidia kusoma Biblia ni mwadhini wa msikiti wa Kamembe. Mwenye duka ninaposhona, Mzee Ramadhani, ni Mwislamu wa hapa hapa. Baba yake alikuwa fundi wa nguo na yeye ni fundi. Adhana ya adhuhuri ikilia, hata kama mkasi uko katikati ya kitambaa, anauweka chini, ananawa miguu uani, anaondoka. Duka linabaki na mimi kwa karibu nusu saa. Jua linaingia vizuri mlangoni, soko limepoa, wateja wamekwenda kula. Hapo ndipo nilikuwa nafungua. Yeye anakwenda kwa Mungu wake na mimi nakaa na wangu, na akirudi hatuulizani kitu.

Ikawa hivyo mpaka siku ya ile suti.

Hapa kwa Mzee Ramadhani hatuandiki risiti. Mteja akileta kitambaa, Mzee anakata kipande kidogo pembeni, halafu anakigawa mara mbili kwa mkato wa kupindapinda. Nusu anaibana kwa pini kwenye kazi, nusu anampa mteja aitunze. Siku ya kuchukua, nusu mbili lazima zikutane. Zisipokutana nguo haitoki, hata kama anayeitaka ni mkwe wake mwenyewe. Nilifundishwa hilo siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa sindano ziko wapi.

Siku hiyo nilikuwa Nehemia sura ya nne. Wewe unaijua, Nyota alikusomea siku ile ile: watu wanajenga ukuta, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine umeshika silaha, kwa sababu adui yuko karibu. Nilikuwa nimezama kabisa. Mtu akaingia, akasema ametumwa kuchukua suti ya bwana arusi. Sikuinua macho. Nilisema, "Iko kwenye msumari wa pili." Akachukua, akashukuru, akaondoka. Sura yake siijui mpaka leo; niliona viatu tu, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri. Wenzangu wa Yerusalemu walikuwa wanalinda huku wanajenga, na mimi hata kulinda peke yake kulinishinda.

Mzee aliporudi, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye msumari.

"Ile kostime iko wapi?"

"Bamekuja kuichukua, Mzee."

"Banani? Kipande iko wapi?"

Nilipapasa meza kama naitafuta. Akaja mpaka mezani, akaangalia Biblia iliyo wazi, akaniangalia mimi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Jioni ile ile bwana arusi mwenyewe alifika na mama yake, nusu ya kipande ameifunga kwenye leso, anacheka, anataka kujaribu suti yake. Arusi ilikuwa Jumamosi. Mzee aliwaambia waje Ijumaa. Walipotoka, alifungua sanduku lake la chini akatoa kitambaa cheusi alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya arusi ya mwanawe, akakitandaza, akakata. Tulishona siku mbili, yeye koti na mimi suruali. Kwenye swala alikwenda kama kawaida, ila safari hizo alifunga mlango kwa ufunguo na mimi nikiwa ndani.

Bwana arusi alioa amevaa vizuri. Suti ya kwanza haikuonekana tena. Jumatatu Mzee aliniita.

"Miye nilikuachia nyumba, weye ukaiachia kitabu," aliniambia. "Hii kitabu isionekane tena humu. Nikiiona, weye na yeye mutatoka pamoja."

Hakunifukuza, Yaya. Fundi mwingine angenifukuza siku ile ile, na hapa Kamembe ukifukuzwa na Mzee Ramadhani hakuna atakayekupa hata kifungo ushone. Nilisema ndiyo Mzee, nikaifunga Biblia kwenye kile kitambaa chako, nikaipeleka chumbani.

Chumbani ndiko ilikofia. Nakaa na vijana wawili wanaopakia malori, watu wazuri, lakini wakirudi ni karata na redio mpaka taa ya mafuta izimike. Asubuhi tunatoka kabla hatujaonana usoni. Nilijaribu kusoma natembea, nikajikwaa mbele ya wauza ndizi wakanicheka wiki nzima. Nilijaribu kungoja Jumapili nisome sura saba kwa mpigo. Ya tatu ilinikuta nimelala. Siku moja tulitumwa kisiwani Nkombo kupima sare za wanafunzi, nikasema vizuri, mtumbwi ni mrefu, nitasoma humo. Abiria wakaniomba nisome kwa sauti. Nikasoma. Mmoja akauliza swali, mwingine akamjibu, wa tatu akakataa jibu, wakaanza kubishana huku wanasimama, mtumbwi ukayumba, maji ya Kivu yakaingia mpaka mapajani. Kurasa za Mambo ya Nyakati zimeshikana hadi leo, na harufu ya sambaza, wale dagaa wa ziwa la huku, haijatoka.

Baada ya hapo nilianza kuhesabu sura nilizokosa. Zikawa kumi, zikawa ishirini. Kila nilipoifikiria ile Biblia niliona mlima, kwa hiyo nikaacha kuifikiria. Nakuambia ukweli, siku ya kwanza kuacha kunauma. Siku ya kumi hakuumi tena. Nilikuwa napita siku nzima mzima kabisa, nacheka na wateja, na hilo sasa linanitisha kuliko kitu chochote.

Hapo ndipo ilipokuja ile barua yako nyingine, ya kabla ya hii. Nyota ameolewa, amepelekwa Fizi, na huna tena msomaji. Siku yake ya mwisho mlikuwa Esta sura ya kwanza: malkia Vashti amekataa kuja kuonyeshwa mbele ya wageni wa mfalme waliolewa mvinyo, na mfalme amemfukuza. Ulisema umebaki na huyo malkia njiani, hujui alikokwenda. Ukauliza, "Wewe umeshafika mbele. Niambie alifanywa nini."

Maman Vumilia alikuwa amesimama mlangoni, mzigo wake umeshapakiwa, ananiambia, "Andika haraka, Mulonda, gari hainingojeke." Biblia iko chumbani, nyuma ya soko. Ningekimbia ningeipata. Sikukimbia. Niliona aibu kukuandikia kwamba miezi miwili sijafungua kitabu, wakati wewe huko unanihesabia. Kwa hiyo niliandika kwamba niko Zaburi. Halafu nikafikiri kidogo. Nilikuwa nimesikia katika mahubiri kwamba katika kitabu hicho kuna malkia aliyewaokoa watu wake. Nikasema basi ni huyo huyo, alirudishwa. Jina la Esta nalo? Nikasema labda alibadilishiwa jina, kama Abramu alivyobadilishiwa, kama Yakobo. Nilijiona nina akili sana. Nikaandika kwamba hasira zilipomtoka mfalme alimkumbuka mke wake, akatuma watu wamlete, akamrudishia taji mbele ya wale wale waliomwona akifukuzwa.

Sikukuandikia ili ufurahi, hata hapo usinipe sifa. Niliandika ili Maman Vumilia aondoke.

Na wewe ukaibeba. Ukasimama Jumatano mbele ya wamama, wewe ambaye Shemeji alikutoa nyumbani kwake baada ya miaka tisa kwa sababu hukupata mtoto, ukawaambia kwamba Mungu ameweka katika kitabu chake mwanamke aliyefukuzwa na akarudishwa. Naweza kuisikia sauti yako. Halafu Mama Mchungaji akafungua, akasoma, na haikuwa hivyo.

Jumanne, baada ya kusoma barua yako, niliomba ruhusa nikakimbia chumbani. Niliitoa Biblia chini ya kitanda, nikaifungua Esta sura ya pili nikiwa nimesimama, nimevaa viatu. Na unajua mistari ya kwanza inasemaje? Inasema hasira zilimtulia mfalme, akamkumbuka Vashti. Yaya, nilipiga kelele ya furaha peke yangu mle chumbani! Nilisema Mungu ameniokoa, kumbe nilibahatisha. Nikaendelea. Mistari inayofuata watumishi wanamwambia mfalme atafutiwe wasichana wengine, wazuri, kutoka kila jimbo, na atakayempendeza akae mahali pa Vashti. Naye akakubali. Nilikaa chini sakafuni.

Nilirudi dukani nikashona, lakini mikono haikuwa yangu.

"Weye leo uko na nini?" Mzee Ramadhani akauliza. "Ile mukono umeishonea mugongoni."

Kweli, mkono wa koti la mtu ulikuwa umetokea mgongoni. Nikamweleza yote, tangu Nyota mpaka wazee wa kanisa. Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichoma kwenye kanda yake ya mkononi.

"Nilikukatalia kuisoma humu. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee."

"Nilikutuma useme kama unaisoma?"

"Hapana."

"Basi." Akalivuta lile koti, akaanza kufumua mshono wangu. Baadaye akasema, "Miye pia swala inanipitaka. Nikigonjwa, nikisafiri, inapita. Ninatawadha, ninailipa, inaisha. Lakini siyambie muntu nimeswali na sijaswali. Ile haina malipo."

Nilimkasirikia, Yaya. Nilitaka kumwambia kwamba bila katazo lake ningekuwa kweli Zaburi, na wewe ungekuwa umekaa vizuri na wamama wako. Nilikuwa nimeshika mkasi na masikio yamenichemka. Lakini nilipoyapanga maneno kichwani ili niyatoe, niliyasikia yalivyo, nikayameza. Yeye alikataza kitabu kwenye duka lake kwa sababu kilimtia hasara. Kalamu alikuwa ameshika nani?

Jioni, wakati wa kufunga, alinipa ufunguo. Alisema alfajiri yeye huenda msikitini, na wateja bado wako nyumbani kwao. "Ingia, funga mulango, fungua dirisha, soma. Saa mulango inafunguka, kitabu inafungwa. Adhuhuri hapana. Adhuhuri ni ya duka." Hakuna aliyewahi kupewa ufunguo huo, hata mwanawe hakupewa. Sikujua nimshukuru vipi, nikamwambia tu nitafagia pia.

Jana alfajiri niliingia nikasoma Esta yote, sura kumi. Nilikuwa namtafuta Vashti. Nilisema labda mwishoni, baada ya kila kitu kutengenezwa, mtu atamuuliza, au mfalme atamtumia hata salamu. Katika sura ya pili jina lake linatajwa tena mara moja, pale Esta anapovikwa taji badala yake. Baada ya hapo hayumo. Hawasemi alikwenda wapi, hawasemi alikufa, hawasemi aliolewa. Nimesoma mpaka neno la mwisho, Yaya, na safari hii nimesoma kweli.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nne. Ni sura ya pili yote, nimeinakili leo asubuhi kwa mkono wangu, neno kwa neno, bila kuweka langu. Mwalimu akusomee. Kuanzia sasa sitakuandikia tena habari za sura. Nitakuandikia sura yenyewe, kadiri karatasi zitakavyoniruhusu, mpaka upate msomaji mwingine. Mimi mwenyewe nimerudi Nehemia sura ya nne, pale nilipoachia, si pale nilipojidai nimefika. Jumatano nilisoma Esta kwa sababu yako. Leo nimesoma Nehemia. Kwa hiyo nina siku moja tu ya kawaida, usinisifu bado. Na kesho naogopa kutoamka, maana alfajiri ya hapa ina baridi na wale vijana wanakoroma kwa utamu.

Sasa jambo linaloniuma zaidi ya wazee. Katika barua yako, chini kabisa, umesema umepaka nyumba chokaa na umeshona mapazia. Hukusema kwa nini. Mwalimu aliandika tu mstari mmoja. Lakini nilikulia mkononi mwako, na najua hukupaka chokaa kwa ajili ya Krismasi. Nisamehe, Yaya. Shemeji ana mke mwingine na watoto wawili, na mimi nilikutumia mfalme wa uongo mpaka ukaanza kumfagilia njia. Chokaa usiifute. Nyumba ni yako, aliijenga baba yetu, na ni haki yake iwe nyeupe hata kama hakuna anayekuja.

Mwalimu Asende, hapa ndipo utakapotamani kuruka. Tafadhali usiruke. Maneno haya ni ya wazee, na nakuomba uyasome Jumapili kwa sauti, bila kuyalainisha:

Wazee wangu, mimi Mulonda, niliyebatizwa na kufundishwa kusoma katika kanisa lenu, nasema mbele yenu kwamba habari ya Vashti kurudishwa niliitunga mimi. Nilimwandikia dada yangu kwamba nimeisoma, na nilikuwa sijaisoma. Yeye hajui kusoma. Alichopokea kutoka kwangu alikitoa kwenu kama alivyokipokea, hakuongeza hata neno moja. Aliyeongeza ni mimi. Kama kuna mtu wa kuondolewa kwenye Meza, ni mimi, na nitakaa mbali nayo huku niliko mpaka mtakaponiandikia vinginevyo.

Msalimie bibi yetu mzaa mama, umwambie dawa ya macho nimeiulizia, bado. Msalimie Baba Mdogo na wavuvi wake, na mkewe aliyenipikia ugali wa safari. Nyota ukipata mtu wa Fizi mpelekee salamu zangu. Mwambie majina ya Nehemia yalinishinda mimi pia. Na umsalimie Mama Mchungaji, kwa heshima. Alifungua kitabu, na mimi ndiye niliyepaswa kukifungua.

Mwisho, Yaya, nakujua. Siku nilipovunja kioo cha kanisa kwa mpira ulisema ni wewe, ukafagia uwanja ule mwezi mzima, na mimi nikawa napita na mpira wangu kwapani. Hivi sasa Mwalimu anavyokusomea, tayari unafikiria kuikunja barua hii uiweke chini ya godoro, uende Jumapili ukawaambie wazee kwamba labda ulisikia vibaya, mdogo wako aliandika sawa. Ndiyo maana jana nilitangulia kuandika nyingine, fupi, yenye maneno hayo hayo ya wazee na jina langu chini. Nimempa dereva wa lori la mbao, aifikishe mkononi kwa Mchungaji mwenyewe. Itakuwa imefika kabla ya hii. Kwa hiyo Jumapili vaa kitenge chako cha samawati, nenda, kaa mbele. Wakilisoma jina langu, usisimame.

Mimi mdogo wako,
Mulonda